Biskuti za Idd: kuweka unga uliokandwa kwenye friza na kuoka siku unayotaka

Kila mwaka likiingia kumi la mwisho la Ramadhani, nyumba nyingi za huku kwetu Mombasa hunukia siagi na iliki usiku kucha. Wanaume wamekwenda msikitini, watoto wanazunguka mtaani, na mama yuko jikoni mbele ya trei za biskuti. Nimelelewa katika nyumba ya namna hiyo. Marehemu nyanya yangu alikuwa akisema kwamba yeye usiku wa cheo humpata akiwa amepakaa unga mpaka viwikoni. Sisi tulicheka. Nilipokuwa mtu mzima nikaanza kupokea oda za watu, nikaona si jambo la kucheka.

Ndipo nikajifunza kukanda unga mapema, kuukata vitonge, kuugandisha, kisha kuoka kidogo kidogo siku za mwisho. Sasa ni miaka kadhaa nafanya hivyo, na wengi huniuliza namna yake. Mwaka mmoja pia nilipata hasara kubwa kwa kutojua jambo moja, na hilo nitalieleza bila kuficha. Basi haya ndiyo ninayoyajua, niliyoyafanya kwa mkono wangu.

Kwa nini unga wa biskuti unakubali kugandishwa

Si kila unga ulioloweshwa unakubali friza. Wa kaimati hauvumilii, kwa sababu ni wa majimaji na una hamira iliyo hai. Ukiganda hamira hudhoofika, na ukiyeyuka maji hujitenga. Mkate wa kumimina nao ni hivyo hivyo. Biskuti ni tofauti: mafuta ni mengi, maji ni machache. Mafuta yakiganda hukaza tu, na yakilainika hurudi kama yalivyokuwa.

Tena baridi huufaidi unga huu. Unga wa ngano ukitulia hunywa ule unyevu wa yai na siagi taratibu, na donge likashikana vizuri. Siagi nayo ikiingia kwenye oveni ikiwa baridi huchelewa kuyeyuka, kwa hiyo biskuti haitambai kwenye trei kabla ya kushika umbo. Wale wanaolalamika kwamba biskuti zao hutandaa zikawa kama chapati, mara nyingi kosa si la kipimo, ni joto letu. Mwezi wa Machi mchana hapa Mombasa hupita nyuzi 30, na siagi imeshalainika kabla hujamaliza kukanda. Nusu saa ya friji huwaponya wengi.

Kipimo ninachotumia

Hiki ni kipimo cha biskuti za siagi za kawaida, zile zinazowekwa kwenye sahani pamoja na kahawa asubuhi ya Idd.

Unga wa ngano gramu 500.
Siagi gramu 300, iwe laini lakini isiwe imeyeyuka.
Sukari laini ya unga gramu 200.
Yai 1.
Beking pauda kijiko 1 cha chai.
Iliki ya kusaga kijiko 1 cha chai.
Chumvi kidogo sana.

Piga siagi na sukari mpaka ziwe nyeupe. Tia yai, upige tena. Chekecha unga pamoja na beking pauda, iliki na chumvi, kisha utie kidogo kidogo huku ukichanganya kwa mkono. Ukishashikana, acha. Ukikanda sana kama wa chapati, biskuti zitakuwa ngumu. Kipimo hiki hunipa karibu vitonge 40 vya gramu 25 kila kimoja, yaani ukubwa wa ndimu ndogo.

Ukitumia samli badala ya siagi, kumbuka kwamba siagi ina maji kiasi, kama asilimia 16, na samli karibu haina. Kwa hiyo gramu 300 za samli zitaulegeza unga kwa mafuta. Mimi hupunguza ikawa gramu 240 au 250. Majarini inakubali pia, ila ladha si moja na hulainika upesi zaidi, kwa hiyo fanya kazi haraka.

Namna ya kugandisha

Kwanza, weka donge kwenye friji nusu saa likaze kidogo. Usilikimbilie likiwa bado lina joto la mkono.

Pili, lipe umbo kabisa. Usiligandishe likiwa bonge moja kubwa. Bonge la kilo mbili huchukua muda mrefu kuganda hadi ndani na muda mrefu zaidi kulainika, na ukitaka biskuti kumi tu utalazimika kuliyeyusha lote. Viringa vitonge, vibonyeze kidogo kwa uma au kwa kidole gumba, kama utakavyo zitoke. Zile biskuti za kusukumwa kwa mashine pia, zisukume kwanza kwenye trei ndipo ugandishe, maana unga uliotoka kwenye friza haupiti kwenye mashine.

Tatu, panga kwenye trei iliyotandikwa karatasi ya kuokea, visigusane, uingize kwenye friza wazi kwa saa moja au mbili. Hapa ndipo wengi hukosea. Wakivitia kwenye mkebe vikiwa bado laini, hushikana vyote. Vikiganda peke yake kwanza, baadaye utavichota kama karanga.

Nne, vihamishie kwenye mkebe wenye kifuniko cha kubana. Tangu ile marufuku ya mifuko ya plastiki ya Agosti 2017, mimi nimehamia kwenye mikebe, na nimeona ni bora zaidi: havipondwi, na mkebe huoshwa ukatumika mwaka ujao. Mikebe ya majarini iliyooshwa vizuri inafaa. Ukiwa na safu zaidi ya moja, weka karatasi katikati.

Tano, andika. Bandika tepu ya karatasi, uandike aina ya biskuti, tarehe, idadi, na moto wake. Usijiambie utakumbuka. Biskuti za iliki na za mdalasini zikiganda hufanana kama pacha.

Harufu na jirani wa kwenye friza

Nyumba zetu ni za samaki. Friza ina changu, ina tafi, pengine na pweza. Siagi hunyonya harufu kuliko chochote, na mimi nimewahi kula biskuti ya iliki yenye ladha ya papa. Kifuniko kibane kweli kweli. Samaki na nyama zikae chini, unga ukae juu, ili jambo likitokea maji ya samaki yasidondokee kwenye biskuti.

Unakaa muda gani

Kwenye friji ya kawaida, siku 3 hadi 4, usizidishe. Kwenye friza iliyo nyuzi 18 chini ya sifuri, miezi 2 hadi 3 ladha yake haipungui sana. Baada ya hapo hauozi, lakini hukauka na kushika harufu, na beking pauda hupoteza nguvu. Kwa hesabu yetu, mtu akianza katikati ya Shaaban, mpaka Mfunguo Mosi ni kama wiki sita. Muda huo ni salama kabisa.

Mimi huugawa hivi: Shaaban nakanda Jumamosi mbili tu, kila mara aina mbili. Ramadhani yenyewe sikandi. Siku nne za mwisho naoka trei mbili tatu kila siku baada ya Alasiri, wakati futari iko jikoni.

Kuoka kutoka kwenye friza

Vitonge vibichi vya kawaida mimi huoka kwa nyuzi 180, dakika 12 hadi 14. Vilivyotoka kwenye friza sivisubiri vilainike. Naviweka moja kwa moja kwenye trei, nashusha moto hadi nyuzi 170, na kuviacha dakika 15 hadi 17. Moto mdogo unampa nafasi yule wa ndani aive kabla wa nje hajaungua. Angalia ukingo: ukianza kuwa rangi ya dhahabu, toa, hata kama katikati bado ni laini. Itakazana ikipoa.

Anayepalia kwa makaa, juu na chini, afanye tofauti. Moto wa juu huunguza haraka na kitonge kilichoganda hubaki kibichi katikati. Hapo kitoe kikae nje dakika 15, kisha uweke makaa machache juu. Jaribu na kitonge kimoja kwanza, ukivunje utazame ndani, ndipo uingize vingine.

Biskuti za jemu, tia jemu wakati wa kuoka, usigandishe nayo. Jemu ikilainika hutoka maji na kuzilowesha. Za nazi, tumia nazi kavu ya kununua. Nazi mbichi ya kukuna ina maji mengi na huchacha mapema. Za korosho na lozi hazina shida. Vileja mimi nimevijaribu mara mbili na nimeacha. Unga wa mchele hauna ule mnato wa ngano, na vyangu vilitoka na nyufa, vikavunjika mkononi. Vileja na viokwe siku hiyo hiyo ya kukandwa. Nankhatai zinakubali vizuri.

Hasara niliyoipata

Sasa nieleze lililonifika. Mwaka huo nilikuwa nimechukua oda nyingi kuliko kawaida, na watu wengi walikuwa wamenilipa nusu. Friza yangu ilikuwa na kilo sita za vitonge, imejaa nusu. Wiki moja kabla ya Idd tukapata msiba Malindi. Tuliondoka Ijumaa asubuhi, tukarudi Jumapili mchana.

Nilipofungua friza kila kitu kilikuwa kigumu kama jiwe. Nikafurahi. Niliona tu kwamba baadhi ya vitonge vimekuwa bapa chini, na mkebe mmoja umeshikana wote ukawa kipande kimoja. Nikadhani labda niliupanga vibaya. Nikaoka trei moja. Zilitandaa, na harufu yake haikuwa ile ninayoijua, ilikuwa na uchachu kwa mbali. Bado nilikuwa najidanganya. Nikajisemea, nitaongeza iliki kwenye zilizobaki.

Jirani yangu akaingia kunipa pole ya msiba. Katika mazungumzo akasema, "Mwenzangu, na mlivyokuwa hamko, stima ilipotea Ijumaa alasiri, haikurudi mpaka Jumamosi magharibi. Mimi samaki wangu wote nimetupa."

Niliketi chini. Ule unga ulikuwa umelainika wote, na mayai mabichi ndani, ukakaa na joto letu usiku na mchana, kisha umeme uliporudi ukaganda tena ukaonekana mzima. Ndugu msomaji, sitasema kwamba niliamua haraka. Nilihesabu siagi iliyomo mle. Nilihesabu pesa za watu ambazo nilishazitumia. Mume wangu akaniuliza swali moja tu: "Ungewapa watoto wetu?" Nikatupa kilo sita. Nilirudisha pesa za waliotaka kurudishiwa, kwa kukopa kwa dada yangu, na wengine niliwakandia upya kwa usiku tatu mfululizo. Wawili hawakurudi kwangu tena.

Friza haisafishi

Nilichokuwa sijui ni hiki: baridi haiui vijidudu. Huvilaza tu. Unga ukilainika vinaamka pale pale vilipoachia, na kuganda mara ya pili hakufuti kilichotokea katikati. Moto wa oveni huua vijidudu vingi, lakini vingine huacha sumu ambayo haiondoki kwa kuoka. Ndiyo maana chakula kilichokaa kwenye joto kwa muda mrefu hakiokolewi kwa moto.

Jambo la pili ni watoto wanaolamba donge. Sote tulifanya hivyo, na sote tuliambiwa tatizo ni yai. Yai ni kweli lina hatari ya salmonela, lakini hata unga wa ngano wenyewe ni kitu kibichi. Hutoka shambani, husagwa, haujapikwa popote. Mwaka 2009 huko Marekani watu wa majimbo mengi waliugua kwa bakteria ya E. koli baada ya kula donge la biskuti bichi lililouzwa madukani, na mwaka 2016 wakaugua wengine kwa unga wa ngano wenyewe. Kwa hiyo hata kipimo kisicho na yai, mtoto asilambe. Mpe sukari ya iliki kwenye kijiko, atanyamaza.

Umeme ukikatika

Wengi wetu tunaukumbuka usiku wa Ijumaa tarehe 25 Agosti 2023, umeme ulipokatika karibu nchi nzima na sehemu nyingi zikaamkia giza. Kukatika kwa saa chache mtaani ndiyo kawaida yetu zaidi. Haya ndiyo ninayoyafuata sasa.

Usifungue friza. Iliyojaa kabisa na isiyofunguliwa inaweza kushika baridi kwa saa 48 hivi, iliyojaa nusu saa 24. Hesabu hizo ni za friza nzuri yenye mpira wa mlango usiochakaa. Kwa nyumba zetu zenye joto mimi huhesabu pungufu. Friji ya kawaida ni saa 4 tu.

Jaza nafasi. Kama friza yako ina nafasi tupu, weka chupa za maji zigande. Barafu hiyo ndiyo akiba yako ya baridi. Usizijaze mpaka juu, maji yakiganda hutanuka na chupa ikapasuka.

Weka kikombe na sarafu. Hili ndilo lingeniokoa. Gandisha maji kwenye kikombe, kisha weka sarafu ya shilingi juu ya barafu, ukiache humo daima. Ukirudi safari, kitazame kwanza kabla ya kitu kingine. Sarafu ikiwa juu, barafu haikuyeyuka. Ikiwa imezama katikati, friza ilizimika kwa muda na ikabidi uvikague vitu kimoja kimoja. Ikiwa chini kabisa, maji yote yaliyeyuka, basi usibishane na sarafu.

Kagua kwa mkono. Umeme ukirudi, vitonge vilivyo bado vigumu au vyenye chembe za barafu ndani vinaweza kurudishwa, au bora zaidi, viokwe siku hiyo hiyo. Vilivyolainika lakini bado ni baridi kama kitu cha friji, oka sasa hivi. Vilivyokwisha kuwa na joto la chumba kwa zaidi ya saa 2, tupa. Na kama chumba kimepita nyuzi 32, jambo la kawaida kwetu, hesabu ni saa 1.

Tazama alama. Vitonge vilivyokuwa mviringo vikawa bapa, vilivyokuwa mbalimbali vikashikana, au barafu nyingi imejikusanya chini ya mkebe: hivyo vimeyeyuka vikaganda tena. Usinuse ili kuamua. Chakula kibaya mara nyingi hakina harufu.

Kwa wanaouza

Ukichukua oda, usigandishe zote. Mimi sasa naweka theluthi mbili kwenye friza, na theluthi moja nanunua vifaa tu nikaviweka kabati: unga, sukari, iliki. Siagi peke yake ndiyo iliyo kwenye baridi, na siagi hata ikilainika kidogo haina hatari ya unga wenye yai. Friza ikinigeuka, naweza kuanza upya kwa siku moja. Na ukisafiri, mwachie mtu ufunguo, au angalau jirani anayejua kwamba una mali ndani ya friza. Ningekuwa nimemwambia yule jirani yangu, angenipigia simu Ijumaa ile ile.

Mwaka uliopita usiku wa ishirini na saba nilimaliza kuoka kabla ya Isha. Trei ya mwisho ilipokuwa inapoa, mama alikuja jikoni kwa mazoea, amejifunga leso, tayari kusaidia. Akatazama meza, akaona hakuna unga. Akaniuliza, "Umekwisha?" Nikamwambia nimekwisha. Akasimama kidogo, kisha akaenda kutia udhu.

Wasalaam.